Wakishashuka Wapiga Kasia

Enzi za mashindano ya mitumbwi ya Balimi, umati ulijaa Mwanza kuwashangilia wapiga kasia. Sisi wa Musoma tulikuwa na kazi nyingine isiyo na watazamaji: kurudisha chombo nyumbani. Timu ilipanda basi. Nahodha nikabaki na vijana wawili na tanga moja, na nasema bila kusita kwamba safari hiyo ilidai ubaharia zaidi kuliko mbio zenyewe.

Kwanza, farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Mtumbwi uliozoea kubeba safu nzima ya wanaume ukiwa mtupu huelea juujuu, na tanga likishika upepo unalala ubavu. Tulipanga magunia ya mchanga katikati, chini kabisa, tukayakaza kwa kamba yasiteleze. Kijana mmoja alishika demani, kamba ya kuongozea tanga, mkononi muda wote. Demani haifungwi: upepo wa ghafla hausubiri mtu afungue fundo. Wa pili alichota maji na kutazama mawingu. Mimi nilikaa nyuma, kwenye tezi, na usukani.

Tulivuka Ghuba ya Speke hadi mlango mwembamba kati ya Kisorya, upande wa Bunda, na Rugezi ya Ukerewe. Hapo tulilala. Vijana hupenda kuendelea usiku kwa kuwa upepo wa nchi kavu ni mzuri, nami hukataa. Usiku pepo za nchi kavu hutoka kila upande na kukutana ziwani, na huko ndiko radi huzaliwa. Watu watatu waliokesha hawawezi kupambana nayo.

Alfajiri tulitoka, rasi ya Majita tukiiweka machoni. Adhuhuri maji hutulia, kisha upepo wa ziwani huanza kuvuma kutoka magharibi. Ukishaipita Majita, upepo huo unakusukuma mgongoni hadi Musoma.

Magharibi ya njia hiyo kuna kisiwa cha Ukara. Kivuko MV Nyerere kilipinduka huko tarehe 20 Septemba 2018, gati likiwa karibu kabisa, wakafa watu zaidi ya 220. Ndiyo maana sasa kwenye mtumbwi wangu jaketi okozi halivuliwi kwa sababu tu nyumba zimeonekana. Tukikaribia Mwigobero, Musoma, tanga linashushwa mapema, tunaingia kwa kafi, na hakuna anayesimama mpaka omo, ncha ya mbele, iguse mchanga. Anayeshuka kwanza ni wa mbele, na kamba mkononi.