Samaki Niliyemrudisha Ziwani

Mimi nina cheti cha ualimu, ingawa kazi niifanyayo sasa ni ya mafaili katika ofisi ya serikali. Nilidhani kwamba aliyezoea kufundisha hana tena la kufundishwa. Mwaka 2019, hapa kandokando ya Ziwa Victoria, mzee mmoja aliyestaafu jeshini kwa cheo cha sajini alinionyesha kwamba nilikosea, na chombo chake cha kufundishia kilikuwa kijiko cha kulia wali.

Wakati ule mshahara ulikuwa umechelewa kwa majuma sita. Mama watoto alikuwa amekwisha kukopa maharagwe dukani mara mbili, na haya ya kukopa mara ya tatu ilimzidi. Jirani yangu huyo, ambaye mtaa mzima humwita Afande, aliiona hali yetu bila ya kuuliza. Jumamosi jioni akaniambia, "Mwalimu, kesho alfajiri twende tukatafute kitoweo."

Alikata mpini wa kijiko cha chuma, akatoboa tundu kila upande, akafunga mshipi huku na ndoana kule, kisha akakisugua kwa majivu hata kikameta kama dagaa. Chambo kingine hakikuwapo. Baadaye nilisoma kwamba ujuzi huu si mgeni duniani: Mmarekani Julio T. Buel alipata hataza ya kijiko cha kuvulia mwaka 1852, na hata leo watu wa Marekani ya Kaskazini hutoboa barafu ya maziwa yao wakati wa baridi, wakashusha vijiko kumvua samaki aitwaye walleye. Sisi tulimtafuta sangara, ambaye hapa Uganda huitwa mputa. Huyu naye si mzaliwa wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawamaliza wengi katika samaki wadogo wa asili, naye mwenyewe akawa riziki ya maelfu ya watu.

Tulipanda mashua ya rafiki yake, yenye namba ubavuni na leseni, tukatia nanga karibu na miamba, penye kina cha mita sita hivi. Afande alinifundisha hivi: shusha kijiko hadi kiguse chini; kiinue kwa ghafula kiasi cha mkono mmoja; kisha kiache kianguke, huku mshipi usikaze wala usilegee. Kijiko kikianguka huyumbayumba mithili ya samaki mdogo anayekata roho, na aghalabu ni wakati huo huo sangara humeza. Mwenye papara huvuta mapema, akapata maji matupu. Mimi nilipata maji matupu kwa saa mbili nzima.

Jua lilipopanda, mshipi ulishtuka. Nilivuta, moyo ukinidunda, akatokea sangara wa rangi ya fedha. Nilikwisha kumwona ndani ya sufuria, katika mchuzi wa karanga, watoto wakilamba vidole. Lakini Afande alitoa fimbo yenye alama ya sentimita 50, kipimo ambacho sheria hairuhusu kumvua sangara aliye chini yake. Wangu alikuwa na sentimita 43.

"Mrudishe, Mwalimu."

"Afande, nyumbani hakuna kitoweo. Ni mmoja tu, na hakuna anayetuona."

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jeshi lilipopewa kazi ya kulinda uvuvi mwaka 2017, mwanangu alikuwa miongoni mwa waliopelekwa ziwani. Amewahi kuteketeza nyavu za watu waliokuwa na njaa kama yako. Nikila samaki huyu, nitamtazamaje akija likizo?"

Sikuwa na jibu. Nililowesha mikono, kama alivyoniagiza, nikamtoa ndoana taratibu, nikamshika majini mpaka akajiendea. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini tulivua penye kina kifupi: samaki akitolewa kilindini kwa haraka hufura hewa tumboni, na ukimrudisha huelea akafa. Mzee alikuwa ameifikiria sheria kabla hata ya kushusha mshipi.

Hatukupata mwingine. Mama watoto aliniuliza, "Hamkupata?" Nikajibu, "Nilipata, nikamrudisha." Sitaficha kwamba alikasirika, na ilikuwa haki yake, maana ni yeye aliyekwenda tena dukani jioni ile. Usiku nilimweleza habari ya mwana wa Afande. Naye alikuwa amelelewa kambini, binti wa askari polisi, alikaa kimya, kisha akasema, "Baba yangu naye alikuwa hivyo. Tulilala na njaa, lakini hakuna aliyetunyooshea kidole."

Mshahara ulifika juma lililofuata. Tangu hapo nimevua sangara kadhaa wa kipimo halali, na mwanangu ndiye ashikaye fimbo ya kupimia. Ndugu msomaji, sheria ni rahisi kuisifu tumbo likiwa limeshiba. Lakini mtoto hajifunzi kwa sifa hizo. Hujifunza siku anapoiona sufuria tupu, akaambiwa sababu yake bila ya kufichwa.