Sekunde Ishirini

Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kukimbia kwa kasi, kasi yenyewe ilikuwa ya sekunde 20. Mara nne tu, mwishoni mwa mbio za taratibu, na kila baada ya moja nitembee hadi pumzi itulie. Niliyaandika kwenye simu kama mtu aliyeandikiwa dozi.

Miezi mitano kabla nilikuwa najiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba ukishaanza kupanda kuelekea Mweka, mlima unakula miguu polepole. Nilikuwa naupanda kila Jumamosi. Maumivu yalianza kwenye muundi wa mguu wa kushoto, sehemu ndogo ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole kimoja. Mwanzoni yaliisha nikishapata joto. Baadaye hayakuisha. Mwishowe yakawa yananiamsha usiku.

Sikumwambia mtu, hasa baba. Baba alikimbia mita 1,500 enzi za shule, na nyumbani kwetu habari ya John Stephen Akhwari husimuliwa kama wengine wanavyosimulia za Sungura na Fisi. Mexico City, 1968: goti limeumia, limefungwa bendeji, mshindi ameshafika zaidi ya saa moja iliyopita, na Mtanzania anaingia uwanjani akichechemea hadi mwisho. Nikishindwa hesabu, Akhwari. Nikiogopa sindano, Akhwari. Kwa hiyo mguu uliponiambia simama, mimi niliona aibu.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, nikarudi mlimani nikishangilia. Ya pili, wiki tatu baadaye, ilionyesha mstari mwembamba kama unywele. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kwamba mfupa hujijenga baada ya kazi, ukipewa nafasi; mimi niliuongezea kazi kabla haujamaliza.

"Pumzi na misuli yako vilitangulia," alisema. "Mfupa huja nyuma. Usubiri."

Nikasubiri wiki nane. Mbio za Februari zikapita nikizitazama kutoka kando ya barabara, nikipiga makofi huku koo limekaba. Kisha nikaanza kutembea. Kisha dakika moja kukimbia, mbili kutembea, huku akina mama wanaowahi soko la Mbuyuni wakinipita na mizigo kichwani.

Siku ya sekunde 20 ilikuwa Aprili, barabara ya Lema imelowa na majani ya miti yamelala kwenye lami. Baba alinisindikiza kwa baiskeli. Nikamweleza yote: zile usiku, ule uongo wa "nimechoka tu", na kwa nini nilificha.

Alikanyaga pedali kimya kwa muda mrefu.

"Ile ilikuwa siku moja, mwanangu," akasema. "Nani alikwambia ukimbie hivyo kila Jumamosi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote nilikuwa nimesikia nusu ya hadithi.

Mara ya kwanza nilikimbia kama mtu anayevuka mto gizani, akili yote ikiwa kwenye muundi. Mara ya pili nilikumbuka kuachia mabega. Ya tatu, upepo ukaingia masikioni. Ya nne nikasikia hatua zangu zikigusa lami upesi na kuondoka, na kwa muda kidogo sikuwa na mguu mbovu wala mzima. Nilikuwa nakimbia tu.

Nikageuka kutafuta ya tano. Mwili mzima uliitaka.

Baba alikuwa ameshashuka kwenye baiskeli, saa mkononi. Hakusema kitu. Alinitazama tu, kama anayesubiri kuona nimelelewa na nani.

Nikaanza kutembea. Tangu nianze kukimbia, sijawahi kuvumilia jambo gumu kama lile.

Kesho yake asubuhi, kabla sijashuka kitandani, niliubonyeza muundi kwa kidole gumba. Ulikuwa kimya.