Kabla ya kuwahesabu, tuwasikilize

Rafiki yangu mtafiti ameniomba nimwandikie programu ya kukusanya yale ambayo watu wa LGBTQ hapa Kenya wanaandika mitandaoni kuhusu hospitali, kisha iyapange: sifa huku, malalamiko kule. Kwa mtu aliyesomea kompyuta, hiyo ni kazi ya siku mbili tu. Nikaanza kwa kuyasoma mwenyewe, maana huwezi kuifundisha mashine jambo usilolielewa.

Malalamiko ya bei na foleni yapo, kama ya Wakenya wote. Lakini linalorudi kila mara ni siri. Watu wanaulizana: ni wapi muuguzi hataita wenzake waje kunitazama? Ni wapi nitatibiwa bila kuhubiriwa? Mwingine kitambulisho chake kina jina la kiume na yeye anaishi kama mwanamke. Anaogopa jina hilo likiitwa kwa sauti mbele ya wagonjwa. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, swali likawa: kituo changu kimefungwa, sasa dawa za kuzuia HIV nitazipata wapi?

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, wakapelekwa hospitali ya umma Mombasa na kupimwa njia ya haja kubwa kwa lazima, ili upatikane ushahidi. Mahakama ya Rufaa ilikuja kusema Machi 2018 kwamba vipimo hivyo vinakiuka katiba. Lakini vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Mgonjwa anayejua haya akimwona daktari, anamwona na polisi nyuma yake.

Sisi watu wa kompyuta nasi tuna yetu. Aprili 2018 ilifichuka kwamba Grindr ilikuwa ikizipa kampuni mbili za nje taarifa za HIV za watumiaji wake. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inaziweka afya na mwelekeo wa kijinsia kati ya data nyeti. Na tazameni jedwali aliloniomba: akaunti, mji, kliniki, ugonjwa. Chapisho moja ni mtu anayeongea. Machapisho elfu moja yakipangwa hivyo ni orodha ya kukamatia watu.

Nimemwambia nitaandika programu isiyohifadhi akaunti, mji wala maneno yenyewe, bali hesabu ya mada tu. Tena tuanze kwa kuwauliza wenyewe, kwa sababu wengi huandika kwa mafumbo, na mashine itahesabu kejeli kuwa sifa. Yeye anasema bila mji utafiti hautamsaidia yeyote kujua kliniki gani irekebishwe. Hoja yake ina uzito, na bado tunabishana.

Wewe ungekuwa mimi, ungeuweka mji au ungeuacha? Niandikieni.