Ng'onda wa Sataranji

Jina la Stockfish, programu ya kompyuta ichezayo sataranji, huchekesha. Maana yake ni samaki mkavu, jamaa wa ng'onda, ambaye watu wa Norway humwanika chanjani kwa upepo wa baridi pasipo chumvi, na Waitalia humnunua wakampika. Lakini jina limeafiki. Mwaka 2004 Tord Romstad wa Norway alitoa programu yake, Glaurung. Mwaka 2008 Marco Costalba wa Italia aliitwaa, akaitengeneza, akaiita Stockfish. Mvuvi hakunung'unika, aliingia jikoni akasaidiana na mpishi.

Stockfish hutolewa bure, lakini si bila ya sharti. Leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuisoma, kuigeuza, hata kuiuza. Ila agawaye programu hiyo hana budi kugawa na maandishi yake ya asili, pamoja na haki zile zile alizopewa yeye. Sharti hili ni jepesi kwa mkarimu na zito kwa mchoyo. Mwaka 2021 watengenezaji waliishtaki kampuni moja ya Ujerumani wakidai kuwa imelivunja. Shauri likaisha kwa suluhu mwaka 2022.

Je, kitu cha bure chaweza kuwa na nguvu? Tangu mwaka 2013 kila badiliko hujaribiwa kwa maelfu ya michezo katika kompyuta zilizoazimwa na watu wa kujitolea. Lisilofaa hukataliwa, hata likiwa limetoka kwa fundi mkuu. Desemba 2017 AlphaZero, mali ya kampuni tajiri, ilicheza na Stockfish michezo 100. Ikashinda 28, na 72 ikawa sare. Kushindwa huko kulikuwa mafunzo. Mwaka 2020 Stockfish ilipokea namna ya mtandao wa neva iliyobuniwa na Yu Nasu wa Japani kwa mchezo wa shogi, na nguvu zake zikapanda sana. AlphaZero haikutolewa kwa watu. Stockfish i mikononi mwa mwanafunzi yeyote mwenye simu.

Ng'onda wa sahani hupungua kwa kila tonge. Huyu hapungui, na mlaji aweza kumwongezea kiungo. Basi asidhani mtu kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Kina wenyewe wengi, na kila mmoja wao ana wajibu wa kukilinda.