Kutoka Kitale hadi Chwele kutafuta sahihi ya shangazi

Ewe msomaji, ukipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kitale, usisahau sweta. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, na alfajiri yake haina huruma kwa mtu wa mjini aliyevaa shati la mikono mifupi. Hivyo ndivyo nilivyoshuka huko Novemba 2023, natetemeka kama kifaranga, hadi mama mmoja wa kibanda karibu na steji aliponihurumia kwa chai ya maziwa na mandazi mawili.

Sikuwa nimeenda kutalii. Baba mdogo alikuwa amenipigia simu mara tatu kwa wiki moja. Alikuwa amepata mnunuzi wa ekari mbili katika lile shamba la babu la ekari sita, na alitaka sahihi yangu kwa niaba ya marehemu baba, aliyekuwa kifungua mimba. Binti yake alikuwa chuo kikuu, karo ya Januari ilikuwa njiani, na deni la hospitali la mkewe lilikuwa halijaisha.

Novemba ni mwezi wa mavuno Trans Nzoia. Kila penye uwazi, kuanzia nyua za nyumba hadi kando ya lami, mahindi yameanikwa juu ya maturubai, na mashine za kupukuchua zinanguruma tangu asubuhi. Hapa ndipo ilipoanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mnamo 1956, na ni kutoka utafiti wa Kitale ambapo wakulima walipata mbegu chotara ya H611 mwaka 1964. Tangu hapo gunia la mahindi limekuwa kipimo cha kila jambo. Mtu hakwambii karo ni shilingi ngapi. Anakwambia ni magunia mangapi.

Babu hakuzaliwa huku. Alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana kuja kufanya kibarua katika shamba la mlowezi, kama walivyofanya Wabukusu wengi baada ya Wazungu kugawana nyanda hizi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi aliyoyapalilia yalisafirishwa kwa reli hiyo, lakini si kwa jina lake. Baada ya uhuru, yeye na wenzake walichanga pesa kupitia kampuni ya kununua mashamba, wakapata vipande vyao. Hati ingali na jina lake, na kaburi lake liko chini ya mparachichi.

"Na shangazi je?" nilimuuliza baba mdogo tulipokuwa tukilizunguka shamba.

"Shangazi yako aliolewa," akasema. "Ana kwao."

Kabla sijaondoka Nairobi nilikuwa nimemwuliza rafiki yangu aliye wakili. Alinieleza kwamba ardhi iliyo katika jina la marehemu haiwezi kuuzwa kabla ya kesi ya urithi kukamilika mahakamani. Kwamba mbele ya sheria binti ni mtoto kama mwana wa kiume, awe ameolewa au hajaolewa. Na kwamba hata baada ya hapo, shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Nilimweleza baba mdogo haya yote kwa upole. Akanyamaza, akaokota gunzi, akalitupa mbali. "Basi nenda umwulize," akasema. "Lakini karo haingoji."

Nikapanda matatu. Kutoka Kitale unapita Kiminini, kisha Kamukuywa, ambako unaiacha barabara ya Webuye na kukata kuelekea Kimilili. Polepole mashamba yanapungua ukubwa, nyumba zinakaribiana, migomba na mibuni inaongezeka. Hizi ndizo sehemu alikotoka Elijah Masinde, mwanakandanda aliyegeuka kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa na kuwataka Wazungu waondoke katika ardhi ya Waafrika. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948, na Masinde akawekwa kizuizini. Aliaga dunia mwaka 1987. Abiria mzee aliyeketi kando yangu aliponionyesha upande wa kwao Masinde, alivua kofia.

Soko la Chwele ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Siku ya soko, pikipiki, mikokoteni, mbuzi na watu hugombania njia moja. Kuna viazi na kabichi kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kuna ndizi, kuna kuku waliofungwa miguu wakitazama dunia kichwa chini. Nilimkuta Senge, kama tunavyomwita shangazi kwetu, nyuma ya rundo la vitunguu.

"Mulembe," akaniamkua, akanishika mikono yote miwili. Alikataa kusikia neno lolote kabla sijala. Ilibidi kwanza tufike nyumbani, nikatengewa ugali wa wimbi na kuku. Ndipo nikatoa hoja yangu.

"Kwa hivyo mmenikumbuka kwa sababu ya sahihi," akasema.

Sikuwa na jibu.

"Mwaka 1992," akaendelea, "wakati wa vita vya kikabila, watu kumi na mmoja kutoka Trans Nzoia walilala katika nyumba hii. Baba yako alikuwamo. Baba yako mdogo alikuwamo, na wewe ulibebwa mgongoni. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba mimi niliolewa."

Kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa: "Na wewe, sehemu yako ulitaka kuifanyia nini?"

Nilikiri. Nilikuwa nimeona ploti Kitengela, na pesa za shamba la babu zingekuwa malipo yangu ya kwanza. Katika simu zote zile, sikuwa nimemwambia baba mdogo kwamba hata mimi nilingoja mnunuzi yule.

Senge hakunikemea. "Shamba likiuzwa huliwa mara moja," akasema. "Kodisheni hizo ekari mbili kwa misimu miwili. Mimi nitatoa kitu kidogo kutoka kwa vitunguu. Nawe unayelipwa kila mwezi, utatoa ngapi?"

Jioni, nikiwa Bungoma nikingoja basi, nilimpigia baba mdogo. Nilimweleza mambo yote, hata ile ploti ya Kitengela. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Hatimaye akasema, "Mwambie dada yangu aje Krismasi. Aje na mumewe."

Basi lilipita Webuye gizani. Nikakumbuka jinsi tulivyoziba pua hapo utotoni, enzi za kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009, kikiacha maelfu ya watu bila kazi. Safari hii hapakuwa na harufu yoyote.

Januari 2024 nililipa nusu ya karo ya binamu yangu. Senge alituma sehemu yake kwa simu, na kodi ya ekari mbili ikapunguza deni la hospitali. Kesi ya urithi imefunguliwa mahakamani Kitale ikiwa na majina matatu. Ploti ya Kitengela ilichukuliwa na mtu mwingine.