Mtu wa mlimani baharini

Najua nimepotea wiki mbili, wengine mkaanza kusema nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa baharini.

Mnanijua, mimi mtoto wa Mlalo, maji mengi niliyowahi kuyaona ni maporomoko ya Soni. Rumeti wangu ni Mpemba. Siku ya kwanza anakuja Lushoto zile kona za kutoka Mombo zilimtapisha vibaya, nikamcheka muhula mzima. Sasa dada yake akawa anaolewa, akaniambia, "Shoga, twende na wewe ukaone kwetu." Bumu lilikuwa limetoka, nikajitia ujasiri.

Tulikwenda kwa meli ya Tanga, bahari imetulia kabisa. Rumeti akaniambia kina cha mkondo wa Pemba kinafika kama mita 800. Nikapiga hesabu za mlimani: hiyo ni karibu sawa na kusimama Lushoto ukaiwaza Mombo kule chini. Nikaacha kuchungulia.

Harusi ilifana, we acha tu. Kasheshe ikawa kurudi. Meli ya Tanga ilikuwa bado siku nne, na pepa la kwanza la UE ni Jumatatu. Njia iliyobaki ilikuwa Mkoani hadi Unguja, kisha Dar, kisha basi. Mimi nikaona poa tu, lakini rumeti akanyamaza. Jioni mama yake akaniita jikoni.

"Mwanangu, mkifika Nungwi mshike mkono. Hajapita pale tangu 2011."

Ndio nikaelewa kwa nini siku zote hupitia Tanga. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume ya uchunguzi ilisema ilikuwa na watu zaidi ya 2,000, wakati uwezo wake haukufika hata 700. Ami yake alikuwemo, na mpaka leo hajaonekana. Rumeti alikuwa darasa la pili. Ami alikuwa amemwahidi viatu vya skuli.

Basi bwana, tukaondoka. Julai ni msimu wa kusi, na sisi tunaelekea kusini, kwa hiyo upepo ulitupiga usoni. Tulipoiacha Pemba nyuma mambo yakabadilika. Meli inapanda wimbi, inasita kidogo, halafu inaanguka puu! Watoto wanalia, mabaharia wanapita wakigawa mifuko. Mimi niliyetumwa kumshika mtu mkono, nilitapika hadi biriani la harusi. Yeye ndiye aliyenishika kichwa, mkono mwingine umeshika mfuko. "Usitazame chini. Tazama mbali," ananiambia, na katikati anasoma dua taratibu.

Nilipoinua uso niliuona mnara wa Nungwi. Rumeti alikuwa analia bila sauti, na mfuko wangu hajauachia. Akasema polepole, "Ami, tumepita."

Sikuwa na la kusema. Nikamshika mkono, nimechelewa lakini nikamshika.

Unguja hadi Dar nako hatukuzungumza sana. Kule karibu na Chumbe ndiko MV Skagit ilikozama tarehe 18 Julai 2012, hata mwaka haujaisha tangu ile ya Nungwi. Watu wengi tu ndani ya boti walikuwa wanasoma dua, wengine wamefumba macho. Nadhani kila mmoja alikuwa na wake anayemkumbuka.

Mimi nilikuwa najua ukitaka kufika chuo ni ada na nauli. Kumbe kuna wenzetu kila wakifungua chuo kuna mahali inabidi wapite, au wazunguke.

Jana tumepanda kutoka Mombo. Kona moja baada ya nyingine, nikawa namwangalia. Tulipofika Soni hajatapika, kalala begani kwangu. Na mimi sikucheka.

Pepa kesho saa tatu asubuhi, sijasoma kitu. Mniombee. Alamsiki.