Sura ya Kongowea

Soko la Kagio huamka kabla ya jua. Malori huja kupakia nyanya, na kando ya barabara iendayo Kutus hupangwa magunia ya mchele wa Mwea. Nyuma ya pilikapilika hizo lipo duka dogo la vitabu na madaftari, mali ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Katika rafu ya juu kabisa pana nakala moja isiyouzwa. Jalada lake lilikwisha kung'oka zamani, na mgongo umeshikizwa kwa gundi. Ni *Siku Njema*, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 1996.

Likizo iliyopita binti wa kaka yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliiteremsha nakala hiyo akaimaliza kwa usiku mbili. Baadaye akapata habari kwamba *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi ilifanywa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, kisha ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Hapo ndipo swali lilipozaliwa.

"Shangazi, na ya Kongowea itatoka lini?"

"Omba isiharakishe, mwanangu."

Tangu siku hiyo wawili hao wanaingoja filamu moja kwa nyoyo mbili: mmoja kwa shauku, mwingine kwa hofu. Na hofu ya mwalimu si ya kizee tu. *Siku Njema* husimuliwa na Kongowea mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Msomaji hamtazami kijana huyo; hutazama kwa macho yake. Huomboleza naye mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu Tanga, huonja naye mateso ya nyumba ya jamaa, kisha hufunga naye safari ya kuja Kenya kumsaka baba. Kwa hiyo kila msomaji amemwazima Kongowea uso wake mwenyewe. Filamu haina budi kumpa uso mmoja, na siku hiyo nyuso nyingine zote zitafutika.

Binti haoni tatizo. Amekwisha kumchagua mwigizaji, kijana mmoja wa bodaboda pale stendi.

"Na akisema 'kurara' badala ya 'kulala'?" aliuliza mwalimu.

"Atafundishwa, Shangazi."

Mwalimu alicheka, kisha akanyamaza. Ukweli ni kwamba yeye, ambaye hajapata kuiona Tanga wala kuikaribia, alimsikia Kongowea kwa miaka mingi akisema kwa lafudhi ya Kirinyaga, 'r' na 'l' zikipishana jinsi zinavyopishana sokoni hapo. Akipewa Kongowea wa Tanga halisi, mwenye ulimi wa pwani, huenda akajiona mgeni katika kitabu alichokifundisha madarasa mangapi. Akipewa wa Nairobi, atakasirika zaidi! (Katika hili mwandishi wa makala haya yuko upande wake. Filamu ya Shivji ilipigwa Zanzibar, na uamuzi huo ni nusu ya uzuri wake.)

Ipo sauti nyingine asiyotaka kuipoteza. Walibora alikuwa pia mtangazaji, na Wakenya walizoea kumsikia akisoma taarifa ya habari kwenye televisheni. Mwalimu alipoisoma upya riwaya baada ya kumzoea mtangazaji huyo, Kongowea alianza kusema kwa sauti ile tulivu. Walibora alifariki Nairobi tarehe 10 Aprili 2020. Yeyote atakayeifanya filamu hatakuwa na wa kumwuliza, "Je, ulimwona hivi?"

Juzi, wateja walipopungua, binti alikuwa akiandika nyuma ya daftari orodha ya matukio ambayo mwelekezi asithubutu kuyakata. Yalifika kumi na manne. Mwalimu alimweleza kwamba *Vuta N'kuvute* ya sinema huchukua takriban saa moja na nusu tu. Mengi ya kitabu lazima yaachwe. Binti akafuta mawili, kwa shingo upande.

Mwalimu alivaa miwani, akaivuta orodha, akaisoma mpaka chini.

"Mbona mama yake haimbi humu?" aliuliza, akaichukua kalamu.